Kioo cha Juu ya Kabichi

Darka Kostiuk alizipanga kamera kwenye meza mbili. Zilizotoa picha safi aliziweka kwenye meza ya dirishani, na zilizotoa picha yenye ukungu aliziweka kwenye meza ya mlangoni. Kabla ya chai ya saa nne meza ya mlangoni ilikuwa imejaa, na ile ya dirishani bado ilikuwa na nafasi ya mtu kuegemeza viwiko.

Zote zilikuwa zimeunganishwa wiki hiyohiyo, na wanawake walewale, kwa lenzi za fungu moja. Zilikuwa kamera za madaktari wa upasuaji, nyembamba kama kalamu, za kuingizwa tumboni mwa mgonjwa kupitia tundu dogo. Katikati ya picha kila kitu kilionekana kikali, hata uzi wa kitambaa. Pembeni kulikuwa na ukungu, kama dirisha la jikoni mtu anapochemsha supu.

Nje, theluji ya Machi ilikuwa ikiangukia maegesho, ile theluji nzito itokayo ziwani, ambayo mwezi huo watu wa Rochester huitazama kama mgeni aliyekwisha kuaga mara mbili na bado amekaa.

Kiwandani Darka aliitwa mhandisi wa lenzi, lakini kazi yake hasa ilikuwa ya kusindikiza. Alipokea lenzi ikiwa bado ni michoro na hesabu, akaamua isuguliwe vipi, ipimwe na nini, ishikwe wapi na vidole vya nani, mpaka siku ambayo watu wa uzalishaji wangeweza kuitengeneza bila kumwita. Siku hiyo ikifika alitia sahihi, akaondoka mezani, akaanza kusindikiza nyingine. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwenye mikutano alikaa karibu na mlango, na akitaka kusema jambo masikio yalimwiva kwanza.

"Usiziangalie hivyo, mami, hazitaona haya," alisema Migdalia.

Migdalia alikuwa mkubwa wa chumba safi, pale wanawake walipokaa na majoho meupe na kofia za nailoni wakiunganisha lenzi moja juu ya nyingine. Alikuwa amevua barakoa na kuining'iniza kwenye sikio moja.

"Naangalia ya tatu," alisema Darka. "Ile lenzi ya tatu. Alama zenu za penseli ziko wapi?"

"Zimekwenda kuoga. Tunazichora, halafu tunaziosha lenzi, na alama inakwenda na maji. Ukichora kwa wino, wino unayeyuka kwenye spiriti na kuchafua kioo. Basi mimi nawaambia wasichana, shika lenzi, mwombe Mungu, weka."

"Migdalia!"

"Natania. Tunapima. Lakini ukiwa umeshapima ya ishirini, na ya ishirini na moja inafanana nayo pande zote mbili kama mayai, macho yanachoka, dada yangu."

Darka alichukua kamera moja kutoka meza ya mlangoni, akaifungua, akaitoa lenzi ya tatu kwa kibanio. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya dengu. Akaipima upande mmoja, akaipima upande wa pili. Ilikuwa imegeuzwa. Akafungua kamera nyingine. Nayo imegeuzwa. Alipofungua ya tatu hakuhitaji tena kupima, alikwisha jua, lakini alipima.

Migdalia alisimama nyuma yake, utani umemtoka. "Kwa hiyo ni sisi."

"Hapana," alisema Darka, masikio yakimwiva. "Ni mimi."

Na ilikuwa kweli. Lenzi ile ilibinuka pande zote mbili, upande mmoja ukiwa umebinuka zaidi kidogo tu kuliko mwingine, kidogo kiasi kwamba jicho halioni na kidole hakihisi. Hakuna mhandisi wa lenzi asiyejua kwamba kitu kama hicho hakipelekwi kwa watu wa kuunganisha. Darka alilijua jambo hilo kabla hajaanza shule. Baba yake alikuwa akilisema mezani huku akipaka siagi kwenye mkate: pande mbili ama zifanane kabisa, ama zitofautiane hadi mtu aliyesinzia ajue ipi ni ipi. Alikuwa akilalamika juu ya wahandisi. Darka alikuwa akicheka.

Sasa alikaa peke yake mbele ya meza iliyojaa, na hakuweza kujidanganya kwamba hakujua kwa nini amefanya vile.

*

Kwenye korido ya chumba cha kusugulia lilikuwepo kabati la mbao lenye droo pana, fupi kwenda chini. Ndani yake vililala vioo vya kupimia, kila kimoja kwenye shimo lake la duara lililotandikwa kitambaa cha kijani. Kioo cha kupimia kina uso mmoja uliotengenezwa kwa usahihi mkubwa. Msuguaji akimaliza lenzi hukilaza kioo hicho juu yake, huviinamia chini ya taa, na baina ya vioo viwili hutokea pete za rangi, moja ndani ya nyingine. Zikiwa chache na za mviringo kamili, lenzi ni sawa. Zikipinda, lenzi inarudi kusuguliwa.

Kukitengeneza kioo kipya cha namna hiyo ni kazi ya majuma mengi. Kwa hiyo mhandisi mwenye akili huanza na kabati: huangalia ni vioo gani vipo, halafu huisogeza michoro yake kidogo huku, kidogo kule, hadi kila uso wa lenzi upate kioo cha kuupimia.

Darka naye alianza na kabati. Lakini hakuangalia vilivyopo. Alitafuta kimoja.

Alikipata katika droo ya chini kabisa. Ukingoni kilikuwa kimechongwa herufi mbili, Y na K, kwa mkono wa mtu asiyependa kujionyesha. Yarema Kostiuk, baba yake, alikuwa msuguaji katika kiwanda hicho tangu alipokuwa kijana hadi mgongo ulipokataa. Alikufa mwaka juzi, majani yakiwa mekundu, na tangu siku hiyo Darka alikuwa akipita kwenye korido ile bila kugeuza kichwa.

Majira yote ya baridi aliisokota michoro ya kamera ile izunguke kioo hicho kimoja. Hakumwambia mtu. Alitaka jambo moja tu: kwamba ndani ya kila kamera itakayotoka pale, popote itakapokwenda, katika tumbo la mgonjwa asiyemjua, pawe na uso mmoja mdogo wa kioo wenye mviringo wa baba yake. Ili kulipata hilo, upande wa pili wa lenzi ulilazimika kuangukia kwenye kioo kingine, jirani mno na kile cha baba. Aliona. Akajiambia kwamba alama ya penseli itatosha.

*

Roscoe Tillery, mkuu wa uzalishaji, alimsikiliza hadi mwisho huku akikwangua barafu kwenye soli ya kiatu kwa rula. Alikuwa mzee mweusi mwenye sauti ya kwaya, na alikuwa amesugua lenzi meza moja na Yarema kabla hajapandishwa cheo.

"Dawa yake unaijua," alisema.

"Zifanane pande zote. Nimeshapiga hesabu. Lenzi nyingine zinasogea kidogo, basi. Picha inapungua ukali kwa unywele mmoja, na bado inapita walichoomba wateja."

"Sasa huo uso wa huzuni wa nini?" Roscoe aliweka rula chini. "Wenye kamera wanakuja kutoka Minnesota mwisho wa mwezi. Watakaa pale kwenye dirisha la chumba safi, waangalie Migdalia na wenzake wakiunganisha, na wakiona ukungu, watakunywa kahawa yetu, watashukuru, na hatutawaona tena. Kesho saa moja asubuhi nataka mashine zianze kusugua. Nipe kioo kimoja cha kupimia, binti Kostiuk. Kimoja, pande zote mbili."

"Nikupe cha baba, Mzee Roscoe?"

Alikwisha kulisema. Roscoe akavuta kiti, akakaa.

"Ndiyo maana," alisema polepole. "Nilikuwa najiuliza. Mtoto wa Yarema, afanye kosa la wanafunzi." Akatikisa kichwa, lakini hakuwa na hasira. "Cha baba yako hakina mwenzake. Unajua hivyo?"

Darka alijua. Kila kioo cha kupimia huzaliwa na mwenzake: kimoja kimebonyea, kingine kimebinuka, vimesuguliwa vikitazamana hadi vikalingana. Kile kilichobonyea hufanya kazi. Kile kilichobinuka hukaa drooni, na kila baada ya muda hutolewa, vikalazwa pamoja, kuona kama cha kazini bado ni kizima. Pembeni mwa kioo cha Yarema palikuwa na shimo la kijani lisilo na kitu.

"Bila mwenzake siwezi kukitia muhuri," alisema Roscoe. "Wale wa Minnesota wataomba kuona karatasi zake."

"Mwenzake alikwenda wapi?"

Roscoe alicheka chini chini, kicheko cha puani. "Siku mzee wako anastaafu, koti lake lilikuwa limelemea upande mmoja kama punda. Nikamfungulia mlango. Nikamwambia, Kostiuk, tembea polepole, barabara inateleza."

"Aliiba?"

"We, adabu! Hapa hatusemi hivyo. Kila msuguaji aliyeondoka hapa aliondoka na kitu kimoja mfukoni, na kila mkuu wa zamu siku hiyo alikuwa na shughuli dirishani. Ndiyo kuaga kwetu. Mimi mwenyewe changu nishakichagua." Akasimama. "Kipo kwa mama yako, au kilizikwa na mzee wako. Kesho, saa moja. Ukija nacho, tutakitazama. Usipokuja nacho, nitatumia kile cha jirani, ulichopimia upande wa pili."

*

Stefania Kostiuk alikuwa bado akiishi Irondequoit, katika nyumba ileile ya matofali ya njano, karibu na kanisa lenye kuba la dhahabu. Darka aliegesha nyuma ya gari la kusukuma theluji, na kabla hajabisha mlango ulikwisha funguliwa.

"Umekonda. Ni Alhamisi. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Natafuta kitu cha Baba."

"Vua viatu."

Alitafuta kwenye chumba cha chini, ambamo bado mlikuwa na harufu ya lami ya kusugulia na ya tumbaku aliyokatazwa na daktari. Alifungua makopo ya misumari. Alifungua sanduku la nyuzi za samaki. Alipekua mifuko ya koti lile lenyewe, lililokuwa bado limetundikwa nyuma ya mlango, na kwenye mfuko wa kulia mkono wake ulikaa zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu bitana ilikuwa imelegea na kuvutika, kama kwamba kitu kizito kiliwahi kulala humo. Hamkuwa na kitu. Tiketi ya kinyozi tu.

Alipanda juu na vumbi magotini. Mama yake alikuwa akikata mkate wa nafaka ya rai.

"Ungesema unatafuta nini, ungeokoa suruali."

"Kioo. Kizito, kinajaa kiganja. Chini bapa, juu kimebinuka, kama chungwa lililokatwa likabanwa."

"Ah," alisema mama. "Cha kabichi."

"Cha nini?"

Stefania alifungua mlango wa stoo ya baridi, akarudi amekumbatia mtungi wa udongo. Akaondoa kitambaa. Ndani, juu ya kabichi ya chumvi iliyokatwa nyembamba, kioo kilikuwa kimeketi ndani ya maji yake ya chachu, kikiikandamiza kabichi isielee, kisafi, kikitazama dari.

Darka aliinama juu ya mtungi, macho yamemtoka.

"Usinikodolee macho, ni yeye aliyekiweka," alisema mama yake. "Alirudi siku ile ya sherehe yao, akakitoa mfukoni, akasema, Stefo, hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyotengeneza. Nikamwambia, kizuri kwa kazi gani? Akafikiri. Unamjua, akifikiri unaweza kupika. Akasema, lile jiwe lako la kabichi linaacha mchanga. Akakiweka mwenyewe. Na kweli, tangu hapo kabichi haina mchanga."

Darka alicheka hadi akalazimika kujishika mezani, na mama yake alimngoja amalize, kwa sababu alisikia kicheko kikielekea upande gani.

Walikiosha kwa maji ya vuguvugu. Darka alitoa kwenye mkoba kioo cha kiwandani, kilichofungwa kitambaa laini. Alikuwa amekichukua kwenye droo jioni ile huku Roscoe akiwa na shughuli dirishani. Akavipangusa vyote viwili kwa pamba na spiriti, akapuliza vumbi, akavilaza pamoja bila kuviburuta, kama alivyofundishwa akiwa amesimama juu ya kigoda, jikoni humohumo. Juu yao taa ndefu ya bomba ilikuwa ikivuma. Yarema ndiye aliyeifunga, kwa sababu pete huonekana vizuri chini ya taa ya namna ile. Majirani wote walikuwa wamebadili taa zao kitambo.

Pete zilitokea. Kijani, zambarau, kijani. Darka alishusha kichwa karibu.

Zilikuwa zimerefuka. Zilikuwa na umbo la yai.

"Ni mikono yangu," alisema upesi. "Ina joto. Vioo vimevimba. Inabidi vipoe."

"Basi vipoe," alisema mama, akaweka birika motoni.

Wakakaa, kila mmoja upande wake wa meza, vioo katikati, kama wanaomngoja mtu aliyekwenda kunawa mikono. Stefania alimimina chai, akakata limau.

"Siku ya harusi yetu alichelewa kanisani," alisema. "Mimi nimesimama na shela, padri anaangalia saa, mama yangu anasema, nilikuambia. Anaingia anahema. Nasema, ulikuwa wapi? Anasema, kulikuwa na lenzi inapoa."

"Hukumpiga?"

"Mbele ya watu?" Stefania alinywa chai. "Alivisubiri vioo kuliko alivyonisubiri mimi. Mimi nilikuwa namsemesha, mkate unaungua, wewe unalia, na yeye amekaa hapohapo ulipokaa, ameweka mikono chini ya mapaja ili asiviguse. Nilikuwa naona wivu. Wivu wa kioo, fikiria." Akainua macho kwenye taa. "Na hii. Inavuma kama nyuki. Nilimwambia aitoe mpaka nikachoka. Sasa fundi amekuja mara mbili kuniwekea mpya, nimemrudisha. Nikiizima, nyumba inanyamaza mno."

Darka alikuwa ameweka mikono yake chini ya mapaja. Hakukumbuka ni saa ngapi aliiweka huko.

"Wewe unamkumbuka wapi zaidi?" aliuliza.

"Kitandani. Bado nalala upande wangu wa ukutani. Ule upande wake sijaugusa, shuka lake linakaa limenyooka, nalifua bure." Akasukuma sahani. "Kula."

Chai ilipoisha Darka aliinama tena. Hakuvigusa vioo. Alizuia pumzi isivipashe joto. Pete zilikuwa zimetulia sasa, rangi zake zimekaa. Umbo lilikuwa lilelile la yai. Akaisogeza sahani, akatazama kutoka upande wa pili. Yai.

"Nzuri," alisema mama yake, akiwa ameinama naye, nywele zake nyeupe zikimgusa shavu.

"Si za mviringo, Mama."

"Mimi naziona nzuri."

"Kimoja kimeharibika."

"Kipi?"

"Sijui. Hapa siwezi kujua."

Stefania alinyooka, akashika kiuno. "Kama ni cha kabichi," alisema kwa sauti ndogo, "ni mimi."

"Mama, hapana. Hapana." Darka alimshika mkono. Ulikuwa na harufu ya chachu na limau.

*

Asubuhi, kabla ya mashine kuwashwa, Darka aliviweka vioo kwenye mashine ya kupimia kwa leza, kimoja baada ya kingine. Roscoe alisimama nyuma yake na kikombe.

Cha kabichi kilikuwa kizima. Uso wake, kutoka ukingo hadi ukingo, haukuwa na kosa ambalo mashine ile ingeweza kulitaja. Kilichoharibika ni kile cha kazini. Miaka yote ile wasuguaji walikuwa wakikipangusa kwa upande uleule, kwa mkono wa kulia, maelfu kwa maelfu ya kupangusa kwa kitambaa laini, hadi uso ukaliwa kidogo upande mmoja. Hakuna aliyekosea. Kilichakazwa kwa kutumiwa.

Darka aliutazama mstari kwenye kiwambo, na alichohisi kwanza kilikuwa furaha. Mviringo wa baba upo. Haukupotea, uko mzima, ulikuwa chini ya kitambaa ndani ya mtungi wa udongo miaka yote hii. Kisha hesabu ikamfikia. Kilichobaki kizima ni kile kilichobinuka, na lenzi yenyewe imebinuka. Huwezi kupima mgongo kwa mgongo. Ingebidi kisuguliwe kingine kilichobonyea, cha kulingana nacho.

"Majuma sita," alisema. "Mzee Roscoe, ukiwaomba Minnesota majuma sita, tunakisugua kipya kutokana na hiki. Kwa mkono. Kama alivyofanya yeye."

"Na wa kukisugua yuko wapi?" aliuliza Roscoe.

Halafu akasikia alichosema. Aliweka kikombe chini, akaugeuza mkono wake, akakinyanyua tena. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi tangu miaka mingi. Katika jengo lile palikuwa na mashine nzuri na vijana wazuri wa kuziendesha. Wa kukaa na kioo kimoja majuma sita, akikisubiri kipoe, hapakuwa naye tena.

"Ningeweza kuwaomba," alisema Roscoe. "Kwa ajili yake, ningeomba. Lakini sema wewe. Lenzi ni yako hadi utie sahihi."

Upande wa pili wa kioo cha dirisha wanawake walikuwa wakiingia chumba safi, wakisukumana, wakivaa kofia. Migdalia alikuwa akimfunga mwenzake joho mgongoni huku akimsimulia jambo, na wote wawili wakicheka bila sauti kusikika huku nje. Darka aliwafikiria wakikodolea macho lenzi zisizotambulikana, siku baada ya siku, wakijilaumu kwa kosa lililotoka kwenye droo ya chini.

"Tumia cha jirani," alisema. "Pande zote mbili."

Roscoe aliitikia kwa kichwa, akaenda. Muda mfupi baadaye mashine zilianza kunguruma, na sakafu ikatetemeka kidogo chini ya viatu vya Darka, kama kila siku.

*

Mwisho wa mwezi wageni walikuja, wakasimama dirishani. Migdalia aliinua lenzi ya tatu kwa kibanio, akaigeuza huku, akaigeuza kule, akawaonyesha wageni kwa madoido kama muuza mapambo, kisha akaidondosha mahali pake bila kutazama.

"Haina mbele, haina nyuma," alimwambia Darka baadaye, wakila samaki wa kukaanga, maana ilikuwa Ijumaa, siku ya kutokula nyama. "Ningeolewa na mwanamume wa hivyo ningekuwa nimepumzika."

Picha zilikuwa kali hadi pembeni. Zilipungua ukali kuliko zile alizoziota Darka kwa unywele mmoja, na hakuna mwingine duniani ambaye angeuona upungufu huo. Wageni walirudia kahawa. Alasiri Darka alitia sahihi, na lenzi ikawa ya uzalishaji. Alikaa kidogo kwenye dirisha la chumba safi. Hakuna aliyeinua kichwa kumwita, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Wakati wa kutoka, Roscoe alikuwa mlangoni.

"Kile kilichochakaa nimekifuta kwenye orodha ya kabati," alisema akitazama nje. "Hakina kazi tena. Sijui hata kiko wapi."

Kilikuwa kwenye mfuko wa koti la Darka, mfuko wa kulia.

"Tembea polepole," alisema Roscoe. "Barabara inateleza."

Theluji ilikwisha yeyuka siku nyingi. Barabara ilikuwa kavu.

Sasa kila Jumapili, baada ya kanisa, Darka huenda Irondequoit. Mama yake hulalamika kwamba kabichi itaelea, kwamba chakula si mchezo, kisha hufungua mtungi mwenyewe na kukikausha kioo kwa aproni. Darka hukipangusa kwa spiriti, huvilaza viwili pamoja chini ya taa inayovuma, hutia mikono chini ya mapaja. Pete hutokea zikiwa na umbo la yai. Anajua zitabaki hivyo. Ameviona kwenye mashine, anaujua ule mstari kwa kichwa.

"Je?" huuliza mama yake akiwa kando ya jiko.

"Bado vina joto," husema Darka. "Tusubiri kidogo."

Na mama yake huweka birika.